Suti, koti na kanzu katika joto, mvua na baridi yetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wanaume wa pwani na wa nyanda za juu za Afrika Mashariki huyarudia kila msimu wa harusi, wa mahafali na wa usaili wa kazi unapokaribia. Msimamo unaopita katika majibu yote ni mmoja: nguo hupendeza kwanza kwa kulingana na mwili wa mvaaji na hali ya hewa ya mahali anapoishi, na bei ya kitambaa huja nyuma ya hayo. Mahali ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye jibu husika.

## Vipimo vya msingi

Nitajuaje kama koti la suti limenikaa vizuri?

Anza na mabega, kwa sababu hapo ndipo koti linapobebwa na ndipo kosa lisiporekebishika kwa urahisi. Mshono unaounganisha mkono na bega unapaswa kuishia pale bega lako la kweli linapoishia. Simama kando ya ukuta, kisha uusogelee taratibu kwa ubavu: pedi ya bega ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni pana kuliko wewe. Mkono ukitangulia na juu yake kukawa na bonde dogo chini ya mshono, koti limekubana.

Baada ya mabega, angalia nyuma ya shingo. Ukosi wa koti unapaswa kuulalia ukosi wa shati bila kuacha mwanya, hata unapotembea na kunyoosha mkono kumsalimia mtu. Kisha funga kifungo. Mikunjo inayotoka kwenye kifungo kwa umbo la herufi X inaonyesha kwamba kiuno kimebanwa. Kitambaa kikining'inia mbele bila umbo, kiuno kimeachwa mno. Mwisho, mwombe mtu akutazame kwa nyuma ukiwa umesimama kawaida: mpasuo wa nyuma unapaswa kulala umefungika. Ukiwa wazi, koti halina nafasi ya kutosha nyongani.

Ni vyema ukaguzi huu ufanyike ukiwa umevaa shati na viatu utakavyovitumia na suti hiyo, na mifukoni mkiwa hamna simu wala pochi.

Mikono ya koti na ya shati iishie wapi?

Mkono wa shati uishie kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanza, na mkono wa koti uwe mfupi kuliko wa shati kwa sentimita 1 hadi 1.5, ili utepe mwembamba wa shati uonekane. Wengi wetu huvaa koti lililofunika nusu ya kiganja, kwa kuwa suti za dukani hukatwa zikiwa na mikono mirefu kwa kutarajia kwamba mnunuzi atampelekea fundi. Kazi hiyo ni ndogo na huchukua muda mfupi, lakini hubadilisha sura ya suti nzima.

Urefu wa koti na wa suruali hupimwaje?

Koti la kawaida hufunika makalio na kuishia takribani nusu ya umbali kutoka mshono wa ukosi, nyuma ya shingo, hadi sakafuni. Makoti mafupi yanayoishia juu ya makalio yamekuwa fasheni kwa vijana, lakini humfanya mtu mnene aonekane mnene zaidi.

Suruali iguse kiatu kidogo tu kwa mbele na kukunjika mara moja, au isikunjike kabisa ikiwa mguu wake ni mwembamba. Kitambaa kikirundikana juu ya viatu, pindo limeachwa refu. Kiuno cha suruali kikae bila msaada wa mkanda. Kama suruali inashuka ukifungua mkanda, inahitaji kupunguzwa kiunoni.

Ni kifungo kipi kinachofungwa?

Katika koti la vifungo viwili, funga cha juu. Katika koti la vifungo vitatu, funga cha katikati. Cha chini huachwa wazi daima, kwa kuwa makoti hukatwa yakikunjuka kuanzia hapo. Ukikaa, fungua, ukisimama, funga. Koti linalopishana kifuani huachwa limefungwa hata unapokaa, kwa sababu likifunguliwa huning'inia upande mmoja. Kizibao nacho hufungwa vifungo vyote isipokuwa cha chini kabisa.

Suti ya kwanza iwe ya rangi gani?

Buluu iliyokoza au kijivu kilichokoza. Watu wengi huanza na nyeusi kwa kudhani kwamba ndiyo rasmi zaidi, na ni kweli kwamba nyeusi inafaa msibani na usiku. Hata hivyo, chini ya jua la mchana nyeusi huonyesha vumbi, huonyesha mng'ao wa pasi na hupauka mapema. Buluu iliyokoza huenda ofisini, kanisani, kwenye harusi na msibani bila kuhitaji maelezo, na koti lake laweza kuvaliwa peke yake na suruali ya kijivu.

## Kununua na kushonesha

Namba na herufi kwenye lebo za suti za mtumba zina maana gani?

Suti zinazotoka Uingereza na Marekani huandikwa kipimo cha kifua kwa inchi: 40 ni koti la mtu mwenye kifua cha inchi 40, yaani takribani sentimita 102. Suti za Ulaya bara, zikiwemo za Italia na Ujerumani, huandikwa nusu ya kifua kwa sentimita, hivyo 50 ni kifua cha sentimita 100. Kanuni nyepesi ni kuongeza 10 kwenye namba ya Uingereza ili kupata ya Ulaya: 38 ni 48, 40 ni 50, 42 ni 52. Herufi zinazofuata huonyesha kimo: S kwa mtu mfupi, R kwa wa wastani na L kwa mrefu.

Suti kamili huuzwa kwa kawaida ikiwa na tofauti ya inchi 6 kati ya kifua na kiuno, kwa hiyo koti la 40 hufuatana na suruali ya kiuno 34. Katika masoko kama Gikomba, Kongowea, Karume au Owino, koti na suruali mara nyingi hutenganishwa na kuuzwa kila kimoja peke yake. Usikubali kuunganisha koti la buluu na suruali ya buluu iliyotoka suti nyingine kwa sababu tu zinafanana kwenye kivuli cha banda. Zipeleke juani uone kama ni rangi moja na ufumaji mmoja.

Mtumba una faida ya kweli. Kwa bei ya suti mpya ya poliesta, mtu mvumilivu hupata koti la sufu lililoshonwa kwa ustadi. Kagua kwapa, makalio ya suruali, ndani ya mapaja na ncha za mikono, kisha lielekeze koti kwenye mwanga uone kama lina vitundu. Kuhusu vitundu hivyo, soma jibu la nondo chini ya Utunzaji.

Fundi anaweza kurekebisha nini, na nini nisimwombe akiguse?

Fundi mzuri hupunguza kiuno cha koti, hufupisha mikono, hupunguza au kuachia kiuno cha suruali, hubana miguu ya suruali na kupandisha pindo. Kuachia hutegemea akiba ya kitambaa iliyoachwa ndani ya mishono. Igeuze nguo upande wa ndani kabla ya kulipa: suruali nyingi zina akiba ya sentimita chache katika mshono wa nyuma, lakini nyingine hazina kitu. Mikono yenye vifungo vinavyofunguka kweli haifupishwi kwa urahisi kutokea chini, kwa kuwa matundu ya vifungo hayahamishiki.

Kupunguza mabega ni kazi inayodai kung'oa mikono yote miwili, kukata upya na kurudisha, na bei yake huweza kukaribia bei ya koti lenyewe. Kufupisha koti kwa zaidi ya sentimita mbili au tatu huharibu uwiano, kwa sababu mifuko hubaki pale pale na kuonekana imeshuka chini mno. Ndiyo maana ushauri wa kununua ni huu: chagua koti linalokaa mabegani, hata kama ni pana kiunoni, na uache lile linalokaa kiunoni huku likipwaya mabegani.

Nikitaka kushonesha, ninunue mita ngapi za kitambaa?

Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 150, mwanamume wa wastani anahitaji takribani mita 3 hadi 3.5 kwa koti na suruali. Ongeza karibu nusu mita kwa kizibao, na ongeza zaidi kama kitambaa kina miraba mikubwa, kwa kuwa fundi atahitaji kuilinganisha kwenye mishono. Kitambaa cha pamba au kitani kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo suruali itarudi fupi baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Kubaliana na fundi tangu mwanzo kwamba kutakuwa na jaribio la katikati, koti likiwa limeshikizwa kwa uzi wa muda na mikono haijafungwa moja kwa moja. Fundi anayepima mara moja na kukuita siku ya kuchukua amekunyima nafasi ya kurekebisha kosa lolote la bega au mgongo. Usimpelekee kazi wiki ya harusi. Mwezi mmoja kabla ni muda wa haki kwake na kwako.

"Super 120s" kwenye lebo ina maana kwamba suti ni bora?

Ina maana kwamba nyuzi za sufu ni nyembamba, basi. Kwa kanuni za shirika la kimataifa la sufu, IWTO, Super 100s ni unyuzi usiozidi unene wa mikroni 18.75 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), Super 120s usiozidi 17.75 na Super 150s usiozidi 16.25. Kadiri namba inavyopanda ndivyo kitambaa kinavyokuwa laini zaidi, na ndivyo kinavyochakaa upesi zaidi. Mtu anayepanda daladala au matatu kila siku huhudumiwa vyema zaidi na Super 100s au 110s kuliko 150s. Kumbuka pia kwamba maandishi hayo hubandikwa kwenye vitambaa vya poliesta visivyo na sufu hata kidogo.

Basi nitatambuaje sufu halisi?

Omba nyuzi chache kutoka ukingoni mwa kitambaa na uziunguze mbali na nguo. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua, huzimika yenyewe ikiondolewa motoni na huacha majivu yanayosagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, hunuka plastiki na kuacha kidonge kigumu. Mchanganyiko hutoa dalili zote mbili. Kwa suti iliyokwisha kushonwa, kunja kitambaa kwa nguvu kiganjani kwa sekunde kumi na ukiachie: sufu hujinyoosha karibu yote, pamba na kitani hubaki na mikunjo. Poliesta nayo hujinyoosha, kwa hiyo jaribio hilo la pili halitoshi peke yake.

## Joto, mvua na baridi

Nawezaje kuvaa suti Dar es Salaam, Tanga au Mombasa bila kuloa jasho?

Hili ndilo swali linalorudiwa kuliko yote, na jibu lake limo katika mambo ya ndani ya koti kuliko yale yanayoonekana nje. Chanzo kikubwa cha joto ni bitana, yaani kitambaa kinachoshonewa upande wa ndani wa koti. Koti la kawaida lina bitana ya poliesta mwili mzima, na poliesta hainyonyi jasho wala kupitisha hewa vizuri, kwa hiyo hata kitambaa chepesi cha nje hakina msaada. Mwombe fundi atie bitana nusu: mabegani, mikononi na sehemu ya mbele, mgongo ukiachwa wazi na mishono yake ikamaliziwa kwa ustadi. Pale panapobaki bitana, viskosi ni bora kuliko poliesta.

Jambo la pili ni ufumaji. Ukikielekeza kitambaa kwenye mwanga na kuona vitundu vidogo vya hewa kati ya nyuzi, hicho ni cha pwani. Uzito wa gramu 210 hadi 260 kwa mita moja ya kitambaa unafaa. Zaidi ya gramu 300 ni mzigo katika mwezi wa Februari, kaskazi inapokuwa imelegea na joto la mchana limepita nyuzi 31. Tatu, vaa fulana nyepesi ya pamba ndani. Wengine huiacha kwa kudhani kwamba itaongeza joto, lakini ni fulana inayonyonya jasho kabla halijafika kwenye shati na koti.

Nne ni desturi tu: beba koti mkononi hadi mlangoni, ulivae ndani. Hakuna heshima inayopotea, na kwapa za koti hudumu miaka mingi zaidi.

Je, sufu si kitambaa cha baridi?

Sufu nzito ni ya baridi. Sufu nyepesi iliyofumwa kwa uwazi ni miongoni mwa vitambaa bora vya joto, kwa sababu unyuzi wake huweza kunyonya unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, kisha huutoa hewani polepole. Poliesta yenye uzito ule ule hubana jasho kwenye ngozi. Wanaosema suti huwatesa pwani, mara nyingi suti zao ni za poliesta na lawama huangukia suti kwa ujumla.

Suti ya kitani hukunjamana mno. Je, inavalika mahali rasmi?

Inavalika kwenye harusi ya mchana, sherehe za ufukweni na ofisi zisizo na masharti makali. Mahakamani au kwenye usaili wa benki, chagua sufu nyepesi. Mikunjo ya kitani ni tabia yake na hurudi hata baada ya pasi. Kinachoweza kupunguzwa ni ukali wake, kwa kuchagua kitani kizito kidogo au kilichochanganywa na sufu au pamba.

Nifanye nini suti ikilowa wakati wa masika?

Usiipige pasi ikiwa imelowa na usiianike juani. Toa kila kitu mifukoni, itundike kwenye henga pana yenye umbo la bega, uache vifungo wazi na uiweke penye upepo ndani ya nyumba. Tope kwenye pindo la suruali liachwe likauke kabisa ndipo lipigwe brashi; ukilisugua likiwa bichi unalisukuma ndani ya nyuzi. Viatu vya ngozi vijazwe magazeti na viwekwe mbali na jiko na jua, kwa kuwa ngozi ikikaushwa haraka hupasuka.

Vipi kuhusu Juni hadi Agosti Nairobi, Iringa, Njombe au Mbeya?

Miezi hiyo asubuhi za Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hushuka hadi kama nyuzi 11 au 12, na Njombe huwa baridi zaidi. Hapo suti ya gramu 280 hadi 340 yenye bitana kamili ina kazi yake. Tatizo ni kwamba saa saba mchana jua linaweza kutoka. Tabaka nyembamba hushinda koti moja nene: kizibao au sweta jembamba la sufu lenye shingo ya V chini ya koti, ambalo huvuliwa mchana na kurudishwa jioni. Sweta liwe jembamba vya kutosha kiasi kwamba koti linafungika bila ile mikunjo ya X iliyoelezwa katika jibu la kwanza.

Nasafiri kwenda Ulaya Januari, au Muscat na Dubai Julai. Suti yangu ya nyumbani itafaa?

Kwa Ulaya, suti yako itafaa ndani ya majengo, kwa kuwa hupashwa joto. Unachohitaji ni koti kubwa la sufu la juu linalofika karibu na magoti na kufunika koti la suti lote. Lijaribu ukiwa umevaa suti ndani yake. Ni afadhali kulinunua huko huko, au kulitafuta mtumbani, ambako makoti hayo huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu wachache huyahitaji.

Kwa Ghuba, kumbuka kwamba nje joto hupita nyuzi 40 lakini ofisi na magari hupoozwa sana. Koti la bitana nusu hutosha.

## Utunzaji

Suti ipelekwe drai klina mara ngapi?

Mara chache kuliko wengi wanavyodhani. Viyeyushi vinavyotumika huondoa mafuta ya asili ya sufu, na pasi nzito inayofuata hubana nyuzi hadi zikang'aa. Kwa mtu anayevaa suti moja mara moja kwa wiki, kuipeleka mara mbili au tatu kwa mwaka kunatosha, pamoja na pale inapopata doa usiloweza kuliondoa. Daima peleka koti na suruali pamoja, ili rangi zipauke kwa kiwango kimoja.

Kazi ya kila siku ni brashi na hewa. Ukivua suti, ipige brashi ya manyoya laini kutoka juu kwenda chini, kisha uitundike nje ya kabati usiku mzima. Ipumzishe angalau siku moja kabla ya kuivaa tena. Kwa pwani kanuni hii ni muhimu mara mbili, kwa kuwa suti iliyofungiwa kabatini ikiwa na jasho hualika ukungu na nondo kwa pamoja.

Nipigeje pasi bila kuunguza au kung'arisha kitambaa?

Weka kitambaa cha pamba chenye unyevu kati ya pasi na suti, tumia joto la sufu, na ukandamize na kuinua badala ya kusugua huku na huko. Suruali ipigwe upande wa ndani kwanza. Kwa mikunjo ya safari, tundika suti bafuni wakati maji ya moto yanatoka, kisha uiache ikauke kabisa kabla ya kuivaa. Anayetumia pasi ya mkaa awe mwangalifu zaidi, kwa sababu joto lake halipimiki na cheche huruka. Aijaribu kwanza kwenye kitambaa kingine.

Kifua cha koti langu kimefanya mapovu. Nini kimetokea?

Ndani ya kifua cha koti kuna kitambaa cha kati kinacholipa umbo. Katika makoti ya bei nafuu hubandikwa kwa gundi, na gundi hiyo huachia kwa joto kali la pasi, maji au kuoshwa mara nyingi. Mapovu hayo huweza kutulizwa kwa muda, lakini kwa kawaida hurudi. Katika makoti ya gharama, kitambaa cha kati hushonwa kwa uzi na hakipati tatizo hili. Ili kujua lako ni lipi kabla ya kununua, bana kitambaa chini ya kifungo cha mwisho kwa vidole vya mikono miwili na uvute nje na ndani taratibu: ukihisi tabaka la tatu linaloteleza huru katikati, limeshonwa.

Ukungu unaota kwenye suti zangu kabatini. Niuzuieje?

Ukungu hustawi penye unyevu, giza na hewa iliyotulia, na kabati la pwani wakati wa masika lina vyote vitatu. Sogeza kabati mbali na ukuta wa nje, acha nafasi ya vidole viwili kati ya nguo na nguo, na fungua milango kila siku kavu. Mfuko wa plastiki wa dobi utupwe siku ile ile, kwa kuwa hufungia unyevu ndani. Tumia mfuko wa kitambaa cha pamba. Ukungu ukikwisha kuota, toa suti nje, uiache kivulini penye upepo hadi ikauke, upige brashi mbali na nguo nyingine, kisha uipeleke drai klina na umwambie mhudumu tatizo lenyewe.

Nani anatoboa makoti yangu ya sufu, na nimzuieje?

Ni viwavi wa nondo wa nguo; nondo mwenyewe hali kitu. Viwavi hula sufu, na hupendelea mahali penye jasho au mabaki ya chakula, hivyo suti safi ndiyo kinga ya kwanza. Harufu ya kafuri, karafuu au naftalini husaidia kufukuza, ila haiui mayai yaliyokwisha kutagwa, na naftalini isitumiwe chumbani wanapolala watoto.

Suti ya mtumba isiingie kabatini kabla ya kusafishwa. Mwenye friza ya kugandisha anaweza kuifunga nguo kwenye plastiki isiyopitisha hewa na kuigandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, jambo linaloua viwavi na mayai. Iachwe irudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufunguliwa, ili isipate umande.

## Kanzu, kofia na Kaunda suti

Kanzu iwe na urefu gani, na namba zake husomwaje?

Kanzu zinazotoka Oman na nchi nyingine za Ghuba kwa kawaida huandikwa urefu kwa inchi, kutoka begani hadi pindo: 54, 56, 58, 60. Jipime kutoka kilele cha bega hadi pale unapotaka iishie. Wengi hupenda iishie juu kidogo ya vifundo vya miguu, kwa sababu za kidini na kwa sababu pindo refu hukokota vumbi na kuchakaa. Mabega yakaguliwe kama ya koti, ingawa kanzu huruhusu upana zaidi kifuani, kwani uzuri wake umo katika kushuka bila kugusa tumbo.

Koti gani linafaa kuvaliwa juu ya kanzu?

Koti lisilopishana kifuani, la buluu iliyokoza, nyeusi, kijivu au rangi ya mchanga, lililokaa vyema mabegani na lenye nafasi kidogo zaidi kiunoni kuliko la suti. Mikono iwe mifupi kidogo kuliko ya kanzu. Desturi hii ni ya pwani yote na ya Buganda pia, ambako kanzu yenye darizi ya rangi ya zambarau nyekundu kifuani huvaliwa na koti katika sherehe za kwanjula, ambapo bwana harusi hutambulishwa kwa familia ya bibi harusi. Bitana nusu ndiyo inayofaa, maana mvaaji tayari ana tabaka mbili.

Kanzu yangu nyeupe imekuwa ya njano kwapani. Nitumie jiki?

Hapana. Njano hiyo hutokana na jasho kuchanganyika na dawa za kuzuia jasho, na dawa kali ya klorini mara nyingi huikoza, hudhoofisha pamba na kuharibu darizi. Loweka sehemu hiyo kwenye maji baridi yenye siki nyeupe kwa saa moja, suuza vizuri, fua kwa sabuni ya kawaida na uanike juani. Kwa doa la zamani rudia mara kadhaa. Siki na klorini zisikutanishwe kamwe, kwa sababu hutoa gesi yenye sumu.

Kofia ya mkono inaoshwaje bila kupoteza umbo?

Kwa mkono, kwa maji baridi na sabuni laini, bila kukamuliwa. Isuuze, itie wanga mwepesi, kisha uikaushe ikiwa imevikwa kwenye bakuli au kopo lenye mzunguko sawa na wa kichwa chako. Kofia iliyotobolewa na kudariziwa kwa mkono ni kazi ya miezi, na mashine ya kufulia huichakaza haraka.

Je, Kaunda suti inahesabiwa kuwa vazi rasmi?

Inategemea mlango unaouingia. Vazi hili, lililopewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, huvaliwa bila tai, nalo ni raha kubwa katika joto. Rais William Ruto amelipa umaarufu mpya nchini Kenya, lakini Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alilipiga marufuku ndani ya Bunge. Uliza kabla ya kwenda. Kwa kuwa halina tai ya kuvuta macho, makosa ya bega na ya urefu huonekana haraka zaidi.

## Hali za pekee

Nimeongezeka au kupungua mwili sana. Suti ya zamani itaokoka?

Mabadiliko ya hadi sentimita 5 kiunoni kwa kawaida hurekebishika. Yakizidi hapo, mifuko ya nyuma ya suruali huanza kukaribiana au kutengana, na mabega ya koti huwa yamekwisha kukosea. Anayetarajia kuendelea kubadilika asikate kitambaa kinachozidi. Fundi akishone ndani kama akiba.

Suruali imechakaa lakini koti bado zima. Nifanyeje?

Kama kitambaa kina ufumaji unaoonekana, vaa koti peke yake na suruali ya rangi iliyo tofauti waziwazi. Koti la kitambaa laini chenye mistari ya ofisini halipendezi bila suruali yake. Kwa suti ijayo, shonesha suruali mbili kwa koti moja, kwa sababu suruali huchakaa kwanza.

Nimerithi suti ya marehemu baba. Inafaa kurekebishwa?

Kipimo ni bega, kama kwa suti nyingine yoyote. Likikaa, mengine yatawezekana, na suti za zamani mara nyingi zina akiba nene ndani ya mishono na kitambaa kizito kinachodumu. Mwonyeshe fundi mkongwe, na umwombe aanze na suruali, ambako kosa halina gharama kubwa. Bega lisipokaa, usilazimishe koti. Kizibao na tai vinaweza kuvaliwa, na kitambaa cha suruali pana huweza kutoa suruali ya kijana.

Cheche ya chetezo imetoboa koti wakati wa kufukiza udi. Linatengenezeka?

Tundu dogo kwenye sufu linatengenezeka. Fundi mwenye ujuzi huchomoa nyuzi kutoka mahali palipofichika, kama ndani ya pindo, na kuzifuma upya juu ya tundu kwa kufuata ufumaji wa kitambaa. Peleka mapema kabla kingo hazijafumuka, na usikate chochote mwenyewe. Kwenye poliesta kingo huwa zimeyeyuka na kuwa ngumu, kwa hiyo kazi hiyo haifichiki. Kwa siku zijazo, fukiza nguo ikiwa imetundikwa mbali na chetezo, baada ya mkaa kushika jivu jeupe na kuacha kurusha cheche.